Namba ya Mgonjwa na Ufunguo Wake: Somo kwa Waandishi wa Programu za Afya

Somo hili linawahusu watu wawili ambao siku hizi hukutana mara nyingi na kuelewana mara chache: mhudumu wa afya mwenye daftari la wagonjwa, na mwandishi wa programu anayeombwa kuligeuza daftari hilo kuwa kanzidata. Dodoma ni mahali panapofaa kulifundishia. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinafundisha tiba na taaluma za kompyuta katika eneo moja, na Hospitali ya Benjamin Mkapa imo humo humo. TAMISEMI, ambayo kwayo ulizaliwa mfumo wa GoTHOMIS unaotumika katika vituo vya umma vya kutolea huduma, nayo ina makao yake mjini. Kijana anayehitimu leo anaweza kujikuta, kabla ya mwaka kwisha, akiandika msimbo utakaobeba habari za watu wa Kongwa, Bahi, Chamwino na Mpwapwa ambao hatawaona maishani.

Miongoni mwa kazi za kwanza anazopewa kijana huyo ipo moja inayoonekana nyepesi. Mtafiti anahitaji faili la wagonjwa, ila lisiwe na majina. Hata hivyo anataka mgonjwa aliyehudhuria Januari, Machi na Juni atambulike kuwa ni mtu mmoja, la sivyo utafiti hauna maana. Hitaji hili si la anasa. Tafiti za trakoma zilizofanyika Kongwa tangu miaka ya 1980 zimeufundisha ulimwengu mengi kuhusu ugonjwa huo wa macho, pamoja na manufaa ya kuwanawisha watoto nyuso. Na hakuna awezaye kusema kwamba mtoto amepona, au ameambukizwa tena, bila kujua kuwa anayepimwa leo ndiye aliyepimwa mwaka jana. Panahitajika basi alama ya badala ya jina, alama inayodumu lakini isiyomtaja mtu. Tutaangalia namna ya kuitengeneza alama hiyo, na kwanza tutaangalia namna inavyotengenezwa vibaya, kwa sababu ubaya wake hauonekani kwa macho.

Unga haurudi kuwa mtama

Tuchukue mfano wa kubuni. Kliniki ya huduma na matibabu kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ile inayofahamika kwa kifupi kuwa CTC, ina jedwali lenye jina la mgonjwa, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, kijiji na majibu ya vipimo. Mwandishi wa programu anaifuta safu ya majina, kisha anaipitisha kila namba ya simu katika kanuni iitwayo SHA-256, na kuandika matokeo yake mahali palipokuwa na namba. Sasa safu imejaa misururu ya herufi na tarakimu isiyosomeka. Faili linatumwa kwa mtafiti kwa barua pepe, na kila mmoja anaridhika.

Kanuni hiyo ni ya jamii ya kanuni ziitwazo heshi. Heshi hupokea maandishi ya urefu wowote na kutoa muhtasari wa urefu mmoja usiobadilika. SHA-256 hutoa biti 256, ambazo kwa mtindo wa kawaida huandikwa kwa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha tarakimu moja tu ya namba ya simu, muhtasari wote hugeuka. Na hakuna anayejua njia ya kuurudisha muhtasari hadi kwenye maandishi yaliyouzaa. Kwa lugha ya jikoni, unga haurudi kuwa mtama.

Sifa hiyo ya mwisho ni ya kweli, na ndiyo inayompotosha mwandishi wetu. Unga haurudi kuwa mtama, lakini ikiwa nafaka zilizoko sokoni ni za aina kumi tu, anayetaka kujua unga uliomo kwenye mfuko umetokana na nini hana haja ya kuurudisha. Anasaga zote kumi, analinganisha, na jibu analo.

Tuhesabu nafaka zetu. Namba ya simu ya mkononi ya Tanzania, ukiondoa 255 ya nchi, ina tarakimu tisa, na ya kwanza ni 6 au 7. Zinabaki nane, kila moja ikiwa na nafasi kumi. Kwa hiyo namba zote zinazoweza kuwapo hazizidi milioni 200, na zilizogawiwa kwa kweli ni pungufu ya hapo. Kompyuta mpakato ya kawaida, kwa lugha ya Python ambayo haisifiki kwa mbio, hukokotoa heshi mamia ya maelfu kwa kila sekunde. Orodha nzima ya nchi inakamilika ndani ya muda wa kusubiri maji ya ugali yachemke. Mwenye kadi ya michoro ya kisasa, ile ambayo vijana huinunua kwa ajili ya michezo ya kompyuta, anaweza kufikia heshi za SHA-256 zipatazo bilioni kumi kwa sekunde. Kwake namba milioni 200 hazichukui hata kupepesa jicho. Baada ya hapo, kila mstari wa faili la kliniki una namba ya simu halisi pembeni yake, na namba ya simu siku hizi ni jina: ukianza kumtumia mtu fedha, jina lake hutokea.

Wapo watakaosema kwamba basi tutumie namba ya NIDA, kwa kuwa ina tarakimu 20. Urefu huo unadanganya. Tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na katika mfano wetu tarehe ya kuzaliwa imo ndani ya faili lile lile, safu mbili kutoka hapo. Zinabaki 12, yaani michanganyiko trilioni moja. Gawanya kwa bilioni kumi: sekunde 100. Namba ya utambulisho ya CTC yenyewe ni dhaifu zaidi. Ina tarakimu 14, mbili za mkoa, mbili za wilaya, nne za kituo, na sita za mgonjwa. Anayejua faili limetoka kituo gani amebakiwa na uwezekano milioni moja, idadi ambayo hata simu janja huimaliza kwa sekunde chache.

Haya si ya nadharia. Mwaka 2014 mamlaka za jiji la New York zilitoa, kwa ombi la mwananchi aliyetumia haki yake ya kupata habari, kumbukumbu za safari za teksi za mwaka uliotangulia, safari zipatazo milioni 173. Namba za magari na za leseni za madereva zilikuwa zimefichwa kwa heshi iitwayo MD5. Lakini namba za teksi za jiji hilo hufuata mifumo michache inayojulikana, na mhandisi mmoja wa programu aliifichua orodha yote kwa saa chache tu. Yeyote aliyetaka kujua mapato ya dereva fulani, au mahali alipolaza gari, alikuwa na majibu. Hapo walikuwa madereva. Weka badala yao wagonjwa.

Wanafunzi waliokwisha kusoma kidogo huuliza kuhusu chumvi. Chumvi, kama waandishi wa programu wanavyoiita, ni maandishi ya nasibu yanayoongezwa kwenye neno la siri kabla ya kukokotoa heshi, ili watu wawili wenye neno moja la siri wasiwe na heshi moja. Ni jambo jema na la lazima kwa maneno ya siri, na bcrypt na Argon2, zilizobuniwa kwa kazi hiyo, hulifanya zenyewe. Kwa alama ya mgonjwa halisaidii. Chumvi tofauti kwa kila mstari humfanya mgonjwa wa Januari aonekane si yule wa Machi, na kusudi la alama linapotea. Chumvi moja kwa wote, ikiwa imeandikwa ndani ya msimbo ambao watu kumi wanao, ni nafaka ile ile iliyotiwa chumvi na kusagwa: anayeijua anaitia chumvi na yeye.

Vipi basi kuhusu heshi ya makusudi ya polepole? Tuseme kila jaribio linachukua sehemu ya kumi ya sekunde. Namba milioni 200 zitachukua sekunde milioni 20, yaani siku 231 kwa kiini kimoja cha kompyuta. Lakini viini mia moja vya kukodi mtandaoni vitaimaliza kazi hiyo kwa muda usiofika siku tatu. Siri ya mgonjwa wa VVU haiishi baada ya siku tatu, wala baada ya miaka thelathini.

Siri ikae kwenye ufunguo

Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mtaalamu wa lugha mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Ufaransa, aliandika kuhusu maandishi ya siri ya jeshi, na kati ya masharti aliyoyaweka ni hili: mfumo usihitaji kuwa siri, na uweze kuangukia mikononi mwa adui bila madhara. Kinachofichwa ni ufunguo. Tangu hapo wataalamu wa fani hii wamelifuata, na kila anayeanza kuandika programu hulivunja, kwa kuwa ni rahisi kuamini kwamba jambo usilolijua wewe hakuna mwingine anayelijua. Mwandishi wa faili letu la kliniki aliitegemea njia iwe siri. Hakuwa na ufunguo wowote.

Dawa yake inaitwa HMAC, na imekuwapo tangu mwaka 1996. Ni heshi inayosaga namba ya mgonjwa pamoja na ufunguo wa siri kwa utaratibu maalumu. Mwenye ufunguo hupata alama ile ile kila mara kwa mgonjwa yule yule. Asiye nao hawezi kusaga orodha yake ya kulinganisha, hata akiijua kanuni yote na kuwa na namba zote za simu za nchi. Ufunguo wa baiti 32 uliochaguliwa kwa nasibu ni mmoja kati ya idadi inayoandikwa kwa tarakimu 78. Hakuna kompyuta itakayouotea. Kwa Python, msimbo wenyewe ni mfupi:

    import hmac, hashlib

    def alama(namba, ufunguo):
        namba = sanifisha(namba)
        return hmac.new(ufunguo, namba.encode(),
                        hashlib.sha256).hexdigest()

Ufunguo hutengenezwa mara moja tu, kwa amri ya secrets.token_bytes(32), na kuhifadhiwa nje ya programu. Ukiutengeneza upya kila programu inapowashwa, alama za Machi hazitafanana na za Januari. Usitumie moduli iitwayo random kwa kazi hii. Hiyo ilibuniwa kwa ajili ya uigaji na michezo. Anayeona matokeo yake 624 yanayofuatana anaweza kukokotoa yote yajayo.

Kazi ya sanifisha ni ya kuandikwa na wewe mwenyewe, nayo ina uzito kuliko inavyoonekana. Katika daftari moja namba ileile huandikwa ikianza na 0, mahali pengine na +255, pengine na 255 ikiwa na nafasi kati ya tarakimu. Kwa mtu ni namba moja. Kwa heshi ni tatu, na mgonjwa mmoja anageuka watatu. Ondoa nafasi na alama zote, geuza 0 ya mwanzo kuwa 255, na kataa kwa sauti namba yoyote isiyofikia tarakimu 12 badala ya kuipitisha kimya. Kumbuka pia kwamba namba ya simu inaweza kuwa ya mume, ya mtoto aliyeko mjini, au ya jirani. Pale inapowezekana tumia namba ya utambulisho ya kituo kuwa mzizi wa alama.

Sasa, ufunguo ukae wapi? Hapa ndipo miradi mingi huharibika baada ya kufanya mengine yote vizuri. Usiuandike ndani ya msimbo. Ukishaingia kwenye hazina ya Git na kusukumwa mtandaoni, kuufuta katika toleo linalofuata hakusaidii, kwa maana historia yote hubaki. Uhesabu umekwisha kujulikana, tengeneza mwingine, na uzitengeneze upya alama zote. Usiuweke kwenye seva moja na faili unalolilinda, kwa sababu mwizi wa seva hachagui. Na kila mradi wa utafiti uwe na ufunguo wake. Watafiti wawili waliopewa mafaili yenye ufunguo mmoja wanaweza kuyaunganisha siku moja na kumjua mgonjwa kuliko yeyote kati yao alivyoruhusiwa kumjua. Mradi ukifungwa, na kama kibali cha maadili hakihitaji vinginevyo, ufunguo uharibiwe. Tangu hapo hata kliniki yenyewe haiwezi kutoka kwenye alama kurudi kwa mtu.

Yupo atakayeuliza, na ni swali la haki: ufunguo ukipotea kabla ya wakati? Kompyuta za vituo vyetu huibiwa, huungua kwa umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu, na mhudumu aliyekuwa akijua kila kitu huhamishwa kwenda Tabora. Wanachama wa VICOBA wamekwisha kulitatua tatizo la namna hii bila kompyuta. Sanduku lao la fedha lina kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu, na halifunguki mmoja wao akiwa peke yake. Mwaka 1979 Adi Shamir wa Israeli alitoa njia ya kihisabati iliyo bora zaidi ya kufuli tatu, kwa kuwa ufunguo hugawanywa vipande kwa namna ambayo, kwa mfano, viwili vyovyote kati ya vitatu vinatosha kuurudisha, na kimoja peke yake hakisemi lolote. Mganga mfawidhi abaki na kimoja, mtunza kumbukumbu kimoja, na cha tatu kiwe ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri kwenye ofisi ya wilaya. Usiiandike njia hiyo mwenyewe. Zipo maktaba za programu zilizokaguliwa.

Kwa zahanati moja yenye wagonjwa mia chache nisingependekeza hata HMAC. Jedwali la nasibu latosha: kila mgonjwa apewe namba ya bahati nasibu, na ukurasa unaounganisha namba hiyo na jina ubaki ndani ya kabati la zahanati. Namba ya nasibu haina uhusiano wowote na mtu, hivyo hakuna cha kusaga. HMAC inahitajika pale vituo vingi vinapotaka kumtambua mgonjwa anayehama kati yao bila kutumiana ukurasa huo.

Safu yenye majibu mawili

Mwandishi mwingine huamua kuisimba safu ya majibu ya kipimo ili hata aliyeiba kanzidata asione nani ana VVU na nani hana. Ni nia njema. Anachagua AES, kanuni iliyobuniwa na Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen na kupitishwa na Marekani mwaka 2001 kuwa kiwango rasmi. Hakuna ubaya hapo. Kisha anaitumia kwa mtindo rahisi kuliko yote, ECB, ambao husimba kila kipande peke yake. Safu inajaa maandishi yasiyosomeka, lakini ya aina mbili tu: moja la chanya na moja la hasi, yakijirudia.

Msomaji hahitaji ufunguo kulifumbua fumbo hilo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kuwa maambukizi ya VVU kwa Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi ni asilimia 4.4. Katika daftari la wanaopimwa, yale yaliyo machache ndiyo chanya. Hila hii ni ya kale. Al-Kindi wa Baghdad aliieleza katika karne ya 9: hesabu ni alama ipi inayojirudia zaidi, na lugha itakusaliti. Kiswahili husaliti upesi, kwani herufi a imetapakaa kila mahali na maneno yake ya asili huishia kwa irabu. Anayeficha barua ya Kiswahili kwa kubadilishana herufi ameiacha mlango wazi.

Tumia AES kwa mtindo wa GCM. Kila usimbaji huandamana na namba ya mara moja, kwa kawaida ya baiti 12, ambayo huifanya chanya ya leo isifanane na chanya ya jana. Namba hiyo si siri na inaweza kuhifadhiwa pembeni ya maandishi yaliyosimbwa. Isirudiwe kamwe chini ya ufunguo mmoja, maana ikirudiwa siri huvuja na hata uwezo wa kugundua kwamba data zimechezewa huharibika.

Kijiji, umri na jinsi

Tuseme alama sasa ni imara na majibu yamesimbwa. Faili bado lina safu za kijiji, tarehe ya kuzaliwa, jinsi na kazi. Katika miaka ya 1990 jimbo la Massachusetts, Marekani, lilitoa kumbukumbu za matibabu za watumishi wake bila majina. Mwanafunzi Latanya Sweeney alinunua kwa dola 20 orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge, akazilinganisha, na kuzipata kumbukumbu za gavana mwenyewe, William Weld. Watu sita katika mji walikuwa na tarehe yake ya kuzaliwa, watatu wakiwa wanaume, na mmoja tu akiishi katika eneo lake la posta. Baadaye Sweeney alikadiria kwamba asilimia 87 ya watu wa Marekani wanatambulika kwa mambo hayo matatu pekee.

Kwenye uwanda wa kati mambo ni mepesi zaidi. Mwalimu wa kike wa miaka 41 katika kijiji chenye shule moja hahitaji kompyuta kumtambua. Mama anayeuza karanga mbele ya shule anatosha. Badili tarehe ya kuzaliwa kuwa kundi la miaka mitano. Badili kijiji kuwa kata au wilaya. Kazi, kama utafiti hauiulizi, ifute. Kisha hesabu makundi: kila mchanganyiko wa safu zilizobaki unaowakilishwa na watu wasiofika watano unganishe na mwingine au uuondoe. Mtafiti atalalamika. Akilalamika, mwulize ni swali gani la utafiti wake linalohitaji tarehe kamili ya kuzaliwa. Mara nyingi hana.

Ujumbe mfupi wa kumkumbusha mgonjwa miadi nao ni faili la mstari mmoja. Hausimbwi kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, na huonekana kwenye kioo cha simu ambayo katika kaya nyingi za vijijini si ya mtu mmoja. Uandike tarehe na saa tu. Neno la dawa lisiwemo, wala jina la kliniki, na jina la mtumaji lisiwe lile ambalo kijiji kizima kinalijua.

Gharama ya kufichuliwa

Mkazi wa Dodoma haitaji kuelezwa aibu inavyofanya kazi. Jina la Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyowahudumia watu wa nchi nzima, limetumiwa kwa miaka mingi kama kejeli mitaani, na wapo waliochelewa kutibiwa kwa kuogopa kuonekana langoni. Nchini Finland kampuni ya tiba ya saikolojia iitwayo Vastaamo ilikuwa na kanzidata iliyofikika kutoka kwenye intaneti, huku akaunti kuu ya usimamizi wake ikiwa haina neno la siri. Mwezi Oktoba 2020 wagonjwa walianza kupokea barua pepe: walipe euro 200, la sivyo mazungumzo yao na mtabibu yatatangazwa. Kumbukumbu za watu zaidi ya 30,000 zilikuwa zimeibwa, nyingine zikiwa za watoto. Kampuni ilifilisika mwaka uliofuata, na mwaka 2024 mhalifu alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka sita. Maandishi yale hayakurudi yalikotoka. Neno la siri linaweza kubadilishwa baada ya kuibwa. Habari kwamba mtu aliwahi kutaka kujiua haibadilishwi.

Kwetu Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya kipimo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti na imeunda tume ya kuisimamia. Faili lililofichwa kwa heshi tupu bado ni faili la taarifa binafsi, na aliyelituma kwa barua pepe ametuma taarifa binafsi.

Zoezi

Mwanafunzi anayetaka kujiridhisha na afanye hivi, kwa namba yake mwenyewe wala si ya mtu mwingine. Kokotoa SHA-256 ya namba yako ya simu iliyosanifishwa na uihifadhi. Kisha andika kitanzi kinachopitia namba zote zinazoanza na tarakimu tatu za mwanzo za namba yako baada ya 255. Ni milioni moja tu. Pima sekunde zinazopita hadi namba yako itokee. Rudia kwa HMAC, ufunguo ukiwa umetengenezwa na mwenzako na kubaki kwake, na uache kitanzi kifanye kazi usiku kucha. Asubuhi mwonyeshe mhudumu wa kliniki matokeo yote mawili, kisha mwombe akuonyeshe faili la mwisho alilomtumia mtafiti, na mkae wote wawili mlipitie safu kwa safu.